RÉFUGIÉ na MKIMBIZI: mmoja ameshafika, mwingine bado anakimbia

Wadau, boti ikiingia usiku mwalo wa Katonga kutoka ng'ambo, waliomo wanaweza kupewa majina manne kabla hawajakanyaga mchanga: wavuvi, wachuuzi, wahamiaji haramu, wakimbizi. Ziwa ni lile lile, boti ni ile ile. Jina ndilo linaloamua nani atalala kwa shemeji yake Ujiji na nani atapandishwa kwenye lori. Kwa hiyo leo tunalifungua hili neno MKIMBIZI pamoja na ndugu yake wa Kifaransa, réfugié, ambaye Wakongo na Warundi wamekuja naye hapa kwetu. Neno hili wanasosholojia wanalitumia kila siku, wanasheria wanalitumia, na sisi huku tunalitumia hata kutukanana mpirani. Wengi hatujawahi kuuliza lilitoka wapi.

MIZIZI YA KILATINI

Tuanze Roma. Kilatini kina kitenzi fugere, yaani kukimbia, kutoroka. Ukiweka kiambishi re-, ambacho hubeba maana ya nyuma au tena, unapata refugere: kukimbia kurudi nyuma, kukimbilia mahali. Hapo ndipo lilipotoka refugium, kimbilio. Angalia hapo hapo: refugium sio mtu. Ni MAHALI.

Kwa mtu anayekimbia Warumi walikuwa na neno lingine, fugitivus, na mara nyingi walimaanisha mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Sisi wa Ujiji hatuhitaji kamusi kuelewa hilo. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya watumwa na pembe katika karne ya 19, mwisho wa njia iliyoanzia Bagamoyo, na Kiswahili kilikuwa na neno lake kwa mtu wa namna hiyo: mtoro. Fugitivus na mtoro ni mapacha kabisa, ila mmoja alizaliwa Roma na mwingine pwani.

Fugere ilizaa watoto wengi. Ile mashine ya maabara inayozungusha damu kwa kasi hadi itengane inaitwa sentrifugi, manake kitu kinachokimbia kitovu. Jamaa wa muziki wa kanisani Ulaya wana utunzi unaoitwa fuga, sauti moja inaikimbiza nyingine. Haya, turudi kwenye watu.

UFARANSA, 1685

Kifaransa kilirithi refuge (kimbilio), kikatengeneza kitenzi se réfugier (kujipatia kimbilio), na kutoka hapo likapatikana réfugié. Ile -é ya mwisho ndiyo ya kuitazama vizuri. Kwa Kifaransa inaonyesha jambo lililokwisha kutendeka. Mangé, kimeshaliwa. Parti, ameshaondoka. Réfugié basi ni mtu AMBAYE AMESHAPATA kimbilio. Kwa herufi zake tu, neno linasema huyu mtu amefika.

Lilipata umaarufu kwa sababu ya ugomvi wa dini. Mwaka 1598 mfalme Henri wa Nne alitoa Amri ya Nantes iliyowaruhusu Waprotestanti wa Ufaransa, walioitwa Wahugenoti, kuabudu kwa kiasi fulani. Oktoba 1685 mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, akaifuta. Makanisa yao yakavunjwa, wachungaji wakafukuzwa, waumini wa kawaida wakakatazwa hata kuondoka. Waliondoka hivyo hivyo, kwa njia za panya, na wanahistoria wengi hukadiria kuwa walifika kama 200,000. Walikwenda Uholanzi, Uswisi, Prussia, Uingereza, wengine mpaka Afrika Kusini kule Rasi. Hao ndio walioitwa les réfugiés, na miaka hiyo hiyo ya 1680 Waingereza wakalichukua neno, wakaliandika refugee. Zile e mbili za mwisho ni ile -é ya Kifaransa imevaa koti la Kiingereza.

Kumbuka walikuwa watu gani: wafuma hariri, mafundi saa, wafanyabiashara. Wafalme wengine waliwagombania. Wakati ule kuitwa réfugié hakukuwa aibu. Lilikuwa neno la mtu aliyepokelewa.

KIGOMA NA WABELGIJI

Maana ilianza kuhama mwaka 1914. Wajerumani walipoivamia Ubelgiji, barabara zilijaa raia wamebeba magodoro, hawajui waendako. Magazeti ya Kiingereza yakawaita refugees ingawa hawajapata kimbilio popote. Neno likaacha kumtazama mtu aliyefika, likaanza kumtazama mtu aliyekimbia kwao. Wabelgiji wapatao 250,000 walivuka mpaka Uingereza katika vita ile.

Hapa mimi huwa nacheka peke yangu. Wakati Wabelgiji hao wanakula mkate wa wakimbizi Uingereza, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo, liliteka Kigoma Julai 1916. Wajerumani kabla ya kuondoka wakaizamisha meli yao Graf von Goetzen. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina tunalolijua wote, Liemba. Shikilia jina hilo, tutalihitaji.

Na wale waliokimbia huku kwetu? Vita ile ilipiganwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, pande zote mbili, na wanavijiji walikimbilia porini wasikamatwe kubeba mizigo. Lakini dunia ilipoanza kuwatambua wakimbizi kisheria baada ya vita, haikuwafikiria hao. Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa lilimteua Fridtjof Nansen wa Norway kuwashughulikia Warusi, mwaka uliofuata ikatolewa hati ya kusafiria yenye jina lake, baadaye Waarmenia nao wakaingizwa. Mkimbizi alikuwa Mzungu, au mtu wa jirani na Ulaya. Hata wakimbizi wa kwanza kuwekwa kambini Tanganyika kwa utaratibu mkubwa walikuwa Wapolandi, walioletwa kuanzia 1942. Kambi ya Tengeru pale Arusha peke yake ilikuwa na watu kama 5,000.

Mkataba wa Geneva wa 1951 nao ulizaliwa na ugonjwa huo huo. Ulimtambua mkimbizi kuwa mtu mwenye hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa, lakini kwa matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi ziliruhusiwa kuchagua kuhesabu matukio ya Ulaya tu. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyoondoa mipaka hiyo. Halafu Septemba 1969, Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukafanya jambo ambalo naona hatusifiwi vya kutosha: ukaongeza kwamba mkimbizi ni pia mtu aliyelazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi, kukaliwa na wageni, utawala wa kigeni, au vurugu kubwa zilizoharibu amani. Yaani mama aliyekimbia risasi Fizi au Uvira haulizwi yeye binafsi alichukiwa na nani. Vita vinatosha.

SASA KISWAHILI CHETU

Watu wengi wanadhani mkimbizi ni tafsiri tu ya refugee. Sio. Neno limejengwa na mbao zetu wenyewe, na limeelekea upande mwingine kabisa.

Kitenzi ni kukimbia. Tazama kinavyofanya: kimbia, kimbilia, mkimbizi. Ile l ya "kimbilia" imetoka wapi? Ilikuwamo tangu zamani, ikameng'enyuka kati ya irabu mbili, ikabaki imejificha. Ndiyo maana nunua inakuwa nunulia na okoa inakuwa okolea. Na ukimtaja mtendaji kwa -i ya mwisho, l hiyo inageuka z: mnunuzi, mwokozi, mkimbizi. Kwa hiyo mkimbizi maana yake ni mtu wa kukimbia tu, basi. Hakuna mahali ndani yake. Mahali pako kwenye neno jingine, KIMBILIO, ambalo ndilo hasa refugium ya Warumi.

Umeona tofauti? Mfaransa anasema "aliyekwisha kupata kimbilio". Mswahili anasema "anayekimbia". Mtu anaweza kukaa Nyarugusu miaka ishirini, akaoa, akazaa, akafungua duka la vocha, bado Kiswahili kinamwona na vumbi miguuni. Tena mtoto wake aliyezaliwa kambini, ambaye hajawahi kukimbia hata mbio za shule, naye anaitwa mkimbizi.

Hatuko peke yetu. Wajerumani, waliojenga reli na gati hapa, wana Flüchtling, nalo linatoka kwenye kukimbia. Kirundi, ambacho na Kiha ni chungu kimoja, kina guhunga (kukimbia hatari), na kutoka hapo impunzi, mkimbizi, na ubuhungiro, kimbilio. Mtu kwake, mahali kwake, kama sisi. Mzee wa Manyovu na Mrundi wa Makamba hawahitaji mkalimani hapo.

Wenye chuo cha Kurani watanikumbusha muhajirina. Sawa, na neno hilo ni zuri sana. Mzizi wake wa Kiarabu ni kuhama, kuacha, ndio ule wa Hijra ya mwaka 622 kutoka Makka kwenda Madina. Ila angalia kwamba muhajirina hawakuachwa peke yao kwenye lugha. Walipewa wenzao, ansari, wasaidizi, wale wa Madina waliowapokea. Kilatini, Kifaransa na Kiswahili vina neno la anayekimbia au la kimbilio, lakini havina neno moja maarufu la mtu anayepokea. Huku tunasema tu "mwenyeji", neno ambalo mwenye gesti naye anatumia.

NENO WASILOLITAKA WENYEWE

Mwaka 1943 Hannah Arendt, Myahudi wa Ujerumani aliyefika Marekani mwaka 1941 akipitia Ufaransa, aliandika makala yenye kichwa "Sisi Wakimbizi". Hoja yake ya kwanza ni kwamba wao wenyewe hawapendi kuitwa hivyo. Zamani, anasema, mkimbizi alikuwa mtu aliyetenda au kuamini jambo fulani. Sasa ni watu ambao hawakutenda chochote. Na Marekani hiyo hiyo, Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans, waandishi waliwaita waathirika refugees. Moto ukawaka! Mchungaji Jesse Jackson akasema ni ubaguzi kuwaita raia weusi wakimbizi ndani ya nchi yao, na Rais Bush naye akasema hao ni Wamarekani, sio wakimbizi. Vyombo kadhaa vya habari vikaliacha neno. Fikiria vizuri lilichukiwa kwa nini: lilionekana linamvua mtu uraia.

Lakini mfano bora kuliko huo uko hapa hapa nyumbani, na wengi wenu mnakaa juu yake bila kujua.

Aprili 1972 yalianza mauaji makubwa Burundi, na Wahutu kwa makumi ya maelfu wakakimbilia Tanzania, wengi kwa mitumbwi ya ziwa hili. Serikali iliwapeleka kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Wengine hawakwenda. Walibaki mjini Kigoma na Ujiji, wakaingia kwenye uvuvi, biashara ndogo ndogo, vibarua. Miaka ya 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti sehemu zote mbili, Mishamo na Kigoma mjini, na kitabu chake "Purity and Exile" kilitoka mwaka 1995. Mpaka leo kinasomwa vyuo vikuu duniani.

Alichokikuta ni hiki. Kule Mishamo watu walilishika neno mkimbizi kwa mikono miwili. Kwao lilikuwa cheo, ushahidi kwamba wao ni taifa lililo ugenini kwa muda, lenye historia yake na siku yake ya kurudi. Huku mjini ilikuwa kinyume. Watu walilikwepa neno. Waliolewa na kuoa wenyeji, walijitambulisha kwa namna tofauti kutegemea mahali na mtu, wengine hawakuwa na haja ya kuitwa wakimbizi wala ya kurudi. Watu wa nchi moja, mwaka mmoja, balaa moja, na neno moja likawa bendera kwa huyu na kovu kwa yule.

Kwa nini walilikwepa? Sio aibu tu. Sheria ya wakimbizi ya 1966, na hata ile ya 1998 iliyoifuata, zilitaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa na asitoke bila kibali. Ukiwa Ujiji na umeitwa mkimbizi, maana yake uko mahali usipotakiwa. Mwishoni mwa 1997, baada ya vita vya Kongo kuleta watu wengi na usalama wa mpakani kuyumba, jeshi lilifanya msako mikoa ya magharibi na kuwakusanya wageni waliokuwa nje ya kambi. Shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti yake mwaka 1999: walikamatwa hata watu waliokaa miaka mingi vijijini, wenye mashamba na wake Watanzania, familia zikagawanyika. Neno walilolikwepa miaka 25 liliwafuata mpaka mlangoni.

Kisha neno lenyewe likabadilishwa. Septemba 2013, kwenye Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, waliosakwa waliitwa "wahamiaji haramu". Mguu ni ule ule, ila mkimbizi ana mkataba wa kimataifa nyuma yake na mhamiaji haramu hana. Kwa upande mwingine, mwaka 2014 Watanzania wapya kama 162,000 kutoka kundi la 1972 walianza kupewa vyeti vya uraia. Nao hawakuitwa Watanzania hivi hivi. Waliitwa "raia wapya". Hivi upya huo unakwisha lini?

KIFARANSA KINGINE MNACHOKISIKIA

Mkisoma taarifa za wakimbizi mtakutana na neno refoulement. Wanasheria wa Kiingereza wenyewe wameliacha kwa Kifaransa. Linatoka kwenye fouler, kukanyaga, na nyuma yake yuko fullo wa Kilatini, yule fundi wa Kirumi aliyekanyaga nguo za sufu ndani ya beseni ili zishikane na kutakata. Refouler ni kumsukuma mtu arudi alikotoka. Ibara ya 33 ya Mkataba wa 1951 inakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Ndiyo maana kulikuwa na mabishano makali Desemba 1996, Wanyarwanda wa Ngara walipotakiwa wote waondoke ifikapo tarehe 31, na tena mwishoni mwa 2012 kambi ya Mtabila, Kasulu, ilipofungwa na Warundi zaidi ya 30,000 kurudishwa. Serikali ilisema kwao kuna amani. Wapinzani wakataja hiari iko wapi. Neno la fundi wa nguo ndilo lililokuwa katikati.

Na kama umewahi kumsikia Mkongo anasema "ash-se-er", anataja HCR, ambayo ni UNHCR ile ile kwa Kifaransa. Réfugiés ndiyo R ya mwisho.

KAGUNGA, 2015

Sasa Liemba. Mei 2015, Burundi ilipochafuka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, watu kama 50,000 walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na ziwa, ambacho wakati huo hakikuwa na barabara ya gari. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa. Kipindupindu kikaingia, wakafa watu wapatao 30. Njia ya kutoka ilikuwa majini tu. Meli ile iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1916 ikapakia mamia kwa kila safari kuwaleta Kigoma, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi hadi Nyarugusu.

Kagunga walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka. Kwa Kifaransa walikuwa réfugiés tangu siku ya kwanza, watu waliopata kimbilio. Waliokuwa wanaharisha mchangani pale wangekuambia Kiswahili ndicho kilichosema kweli.

Swali kwa wadau wa Katonga, Kibirizi na ng'ambo: kwa Kibembe, Kigoma na Kifuliiru mtu huyu anaitwaje, na neno lenu linatazama miguu au linatazama kimbilio? Wekeni hapo chini, pamoja na kitenzi lilikotoka. Na mwenye neno moja la Kiha kwa yule anayepokea, tafadhali alitaje, kwa sababu nimeuliza wazee kadhaa na kila mmoja amenipa sentensi nzima.